Fedor Gorst hakununuliwa na Marekani

Julai 2025, mjini Jeddah, Carlo Biado wa Ufilipino alimfunga Fedor Gorst gemu 15 kwa 13 katika fainali ya ubingwa wa dunia wa pool ya mipira 9. Mwaka mmoja kabla yake, katika mji huohuo, Gorst ndiye aliyelitwaa taji hilo kwa kumshinda Eklent Kaçi wa Albania 15 kwa 14, akaondoka na dola 250,000. Kijana aliyezaliwa Moscow mwaka 2000 kufika fainali mbili za dunia mfululizo ni jambo la kumtosha mpenzi yeyote wa mchezo huu kuzungumzia mwezi mzima. Lakini katika mijadala mingi niliyoifuatilia, mchezo wenyewe unaachwa pembeni na watu wanabishania kitu kimoja tu: bendera. Gorst alipotwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza, Doha 2019, mbele ya jina lake kulikuwa na bendera ya Urusi. Alipoutwaa tena Jeddah 2024, ilikuwa ya Marekani. Wapo wanaosema amenunuliwa, wapo wanaosema ameasi, na wapo wanaoshangilia kwamba Marekani imepata dawa ya kushindwa kwake na Ulaya. Naona wote wamesoma kurasa za kitabu hiki kwa kuruka.

Hoja yangu ni hii. Katika pool, bendera ni kibali cha kufanyia kazi kuliko ilivyo alama ya uzalendo. Mchezaji huibeba ile aliyozaliwa nayo maisha yake yote, hata akiishi ng'ambo miaka 20, ilimradi haimfungii mlango. Siku inapoanza kumfungia mlango, ndipo anapolazimika kuchagua. Ukiyatazama mazingira ya Gorst kuanzia 2022 kwa jicho hilo, utaona kwamba kilichobadilika kwanza ni milango, na mtu alifuata baadaye.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaomhukumu wanamfikiria kama mchezaji wa mpira wa miguu mwenye klabu, mshahara na wakala. Mchezaji wa pool hana klabu. Nauli ya ndege ni yake, hoteli ni yake, ada ya kuingia mashindanoni ni yake, na akitolewa siku ya pili amerudi nyumbani na deni. Wenye bahati wana mdhamini wa fimbo au wa meza, na udhamini huo unategemea uonekane mezani. Jeddah 2024 zawadi zote kwa pamoja zilikuwa dola milioni 1, kiwango kikubwa kwa mchezo huu, na bingwa peke yake alichukua robo. Robo tatu zilizobaki ziligawanywa chini yake, katika mashindano yenye wachezaji 128. Wa kwanza analala na furaha, na wengi walioko chini wanapiga hesabu ya nauli. Sisi tuliokulia kwenye meza za baa, zile za futi 7 zenye kipande cha boksi chini ya mguu mmoja ili mipira isiteleze upande, tunaijua sheria hii kwa umbo lake dogo: anayeshinda anabaki mezani, anayefungwa analipa. Juu kabisa ya mchezo huo, sheria ni ileile, ila sarafu imekuwa tiketi ya ndege.

Kwa hiyo mchezaji wa pool anakwenda kulipo na meza. Hilo halikuanza na Gorst. Mwaka 1985 Mfilipino Efren Reyes aliingia ukumbi mmoja wa pool Houston akijiita Cesar Morales, kwa sababu jina lake la kweli lilikuwa limeanza kufahamika na hakuna aliyetaka kuwekeana dau naye. Tangu hapo Wafilipino wamekuwa wakivuka Bahari ya Pasifiki kwenda Marekani kutafuta riziki kwa fimbo, kizazi baada ya kizazi. Reyes alikuwa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kutwaa US Open ya pool, mwaka 1994, na mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia kule Cardiff. Alichuma Marekani, akajulikana Marekani, akaheshimiwa Marekani kuliko Wamarekani wengi, na hadi leo ni Mfilipino. Angalia pia Jayson Shaw, Mskoti ambaye makazi yake ni Marekani, lakini ikifika Desemba anavaa fulana ya Ulaya na kuwachapa wenyeji wake katika Kombe la Mosconi, pambano la kila mwaka kati ya Marekani na Ulaya. Hakuna anayemwambia achague. Makazi ni kitu kimoja na bendera ni kitu kingine, na pool imeishi na tofauti hiyo kwa miongo mingi bila shida.

Basi kwa nini Gorst asibaki na ya kwake kama Reyes na Shaw? Jibu limo ndani ya tarehe moja. Tarehe 28 Februari 2022, siku 4 baada ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipendekeza mashirikisho ya michezo yasiwaruhusu wanamichezo wa Urusi na Belarusi kushiriki mashindano ya kimataifa. Michezo mingi ikafuata, kila mmoja kwa njia yake. Kwa kijana wa miaka 21 aliyekuwa akila kwa fimbo, bendera ambayo jana ilikuwa pambo mbele ya jina leo ikawa swali katika kila fomu. Bendera ya Ufilipino haikumfungia Reyes ukumbi hata mmoja. Bendera ya Uskoti haijamnyima Shaw viza wala nafasi. Tofauti kati yao na Gorst iko hapo, na wala haihitaji kuingia moyoni mwa mtu kuipata.

Sasa nizipime hoja za wanaopinga, nikianza na ile ninayoiheshimu zaidi. Wanasema Urusi ndiyo iliyomlea. Hapa wana haki. Kabla hajafikisha miaka 20 Gorst alikuwa ameshatwaa ubingwa wa dunia wa vijana, na mtoto hafiki huko peke yake. Kuna makocha waliosimama nyuma yake saa nyingi, kuna kumbi za Moscow zilizomwachia meza, kuna safari za mashindano ya vijana ambazo mtu mzima fulani alizipanga na kuzilipia. Alipomfunga Chang Jung-lin wa Taiwan 13 kwa 11 kule Doha, akiwa na miaka 19, alikuwa matunda ya malezi hayo. Ubingwa wa 2019 ni wa Urusi, na yeyote anayetaka kuupaka rangi nyingine anakosea. Lakini deni la malezi analodaiwa Gorst, analidaiwa na kocha, na ukumbi, na wazazi. Sioni jinsi linavyogeuka kuwa kifungo cha kukaa nje ya mashindano, kwa sababu ya vita ambavyo hakuvianzisha, mpaka macho yapungue nguvu na mkono uanze kutetemeka. Mchezaji wa pool ana miaka mingi kuliko mkimbiaji, ni kweli, lakini miaka ya 22 hadi 25 hairudi kwake kama isivyorudi kwa mtu mwingine.

Hoja ya pili ni ya bendera isiyo na nchi. Kwa nini, wanauliza, asingecheza bila bendera kama wanatenisi Daniil Medvedev na Andrey Rublev, ambao waliendelea na kazi yao na Urusi yao wakabaki nayo? Ni swali zuri. Tenisi, hata hivyo, ina chama cha wachezaji chenye nguvu, kalenda iliyopangwa mwaka mzima, na fedha za kutosha kumlinda mtu dhidi ya mlango mmoja kufungwa. Wimbledon iliwakataa Warusi mwaka 2022, na Medvedev akaendelea kula katika mashindano mengine. Na hata huko kwenye tenisi, mfano unaofaa zaidi kulinganishwa na Gorst ni wa Elena Rybakina, binti wa Moscow aliyeanza kuichezea Kazakhstan mwaka 2018 na kuutwaa ubingwa wa Wimbledon mwaka huohuo wa 2022 ambao Warusi walizuiwa. Mabadiliko yake ya miaka 4 kabla, yaliyofanywa kwa sababu nyingine kabisa, ndiyo yaliyomfungulia geti. Pool haina kinga ya tenisi. Mamlaka yake yamegawanyika kati ya shirikisho la dunia, WPA, na kampuni ya Matchroom inayoandaa mashindano makubwa ya kulipwa, na pande hizo mbili zimevutana waziwazi kuhusu nani ana haki ya kuruhusu nini. Mchezaji asiye na bendera katikati ya mvutano huo anategemea hisani ya mwandaaji wa wiki hiyo, na balozi wa wiki hiyo. Bila bendera anaweza kupata nafasi ya kucheza. Hawezi kupata uhakika.

Nije kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosambaa haraka: kwamba Marekani imemnunua. Nadhani nalijua chimbuko lake kwa wasomaji wa Kiswahili. Sisi tuna jeraha letu. Mwaka 2003 Stephen Cherono wa Kenya alitokea Paris kwenye mashindano ya dunia ya riadha akiitwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, akashinda mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mbio ambazo Wakenya tulikuwa tukiziona kama shamba letu la urithi, na Ezekiel Kemboi wa Kenya akabaki na medali ya fedha. Ndugu yake Cherono, Abraham, naye alikuwa kwenye fainali hiyohiyo na fulana ya Kenya. Ule uchungu wa kumwona mtoto wa nyumbani akipewa jina jipya na kuzungushwa uwanjani na bendera ya mwingine haujatutoka, na baada yake walikuwepo wengine wengi waliokwenda Bahrain na kwingineko. Riadha yenyewe ililiona tatizo: Februari 2017 ikasimamisha mabadiliko ya utaifa, na mwaka uliofuata ikaleta sheria mpya yenye kipindi cha kusubiri miaka 3. Kwa hiyo Mswahili akisikia bingwa kabadili bendera, mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye neno "kununuliwa".

Lakini mfano huo haumfiti Gorst, na sababu zake zinaonekana. Mkenya anayekwenda Qatar au Bahrain anakimbia msongamano: nchi yake ina wakimbiaji kumi wa kiwango cha medali na nafasi 3 tu katika kila mbio. Nchi inayompokea inamhitaji kwa ajili ya jedwali la medali, na inaweka fedha mezani. Pool haina jedwali hilo. Haiko kwenye Olimpiki, na kampeni ya kuiingiza Paris 2024 iligonga mwamba. Mashindano makubwa ni ya mtu binafsi na zawadi haijali bendera. Zile dola 250,000 za Jeddah angezipata akiwa Mrusi, Mmarekani au mtu wa Visiwa vya Fiji. Ubingwa wa US Open alioutwaa mwaka huohuo wa 2024 haukuongezewa hata senti moja kwa sababu alikuwa akiuchezea nyumbani kwake kupya. Mnunuzi angenunua nini hapo, na kwa faida gani?

Wengine watajibu: Kombe la Mosconi. Hili kwa kweli ndilo shindano ambalo bendera ina uzito. Tangu 1994, Marekani na Ulaya zinakutana kila mwaka, siku hizi wachezaji 5 kwa 5, ukumbi umejaa na kelele za kutosha kumfanya mtu asahau namna ya kushika fimbo. Marekani ilitawala miaka ya mwanzo, kisha Ulaya ikaigeuza kibao. Tangu Wamarekani washinde 2018 na 2019, kombe limekuwa likienda Ulaya. Na Gorst ana historia ya pekee hapo, maana mwaka 2020 alikuwa ndani ya timu ya Ulaya iliyoifunga Marekani 11 kwa 3, na mwaka 2024 kule Orlando alisimama upande wa pili. Ukitaka picha ya usaliti, utaipata humo kwa urahisi. Ila tazama matokeo: Orlando ilishinda Ulaya, Gorst akiwamo upande wa Marekani. Mtu mmoja hawezi kuishikilia timu ya watano katika mchezo ambao gemu nyingine zinachezwa wawili wawili na nyingine timu nzima. Kama Marekani ilikuwa inanunua ushindi, ilinunua kitu kisichouzwa kwa mtu mmoja mmoja, na sidhani waliokuwa wakiisimamia timu hiyo hawakulijua hilo.

Kuna dai jingine linalotolewa kwa sauti ya heshima, na ambalo ningependa lizikwe: kwamba Gorst ni zao la biliadi ya Kirusi, ile piramida, na kwamba Marekani imevuna ufundi wa taifa jingine. Piramida ni mchezo mzuri na mgumu. Meza yake ni ya futi 12, mpira una kipenyo cha milimita 68, na tundu la kona lina upana wa milimita 72 au 73. Yaani mpira unapita na nafasi ya milimita 4 au 5 tu, kama gari linaloingia gereji huku vioo vya pembeni vimekunjwa. Anayesikia hivyo hudhani kwamba mtu aliyelelewa kwenye matundu hayo akiletwa kwenye pool, ambako mpira ni wa milimita 57 na tundu lina inchi 4 na ushei, atakuwa anatupa machungwa kwenye ndoo. Kwa kulenga tu, huenda. Lakini katika piramida mpira unaoupiga ukigonga mwingine kisha ukatumbukia wenyewe, umepata pointi, na wachezaji wazuri wanaishi kwa pigo hilo. Kwenye pool mpira mweupe ukitumbukia umefanya kosa, na mpinzani anauweka popote apendapo.

Michezo hiyo miwili inafundisha akili mbili. Chukua gemu ya kawaida ya mipira 9, ambamo mipira hulengwa kwa kufuata namba: mpira wa 2 uko mdomoni mwa tundu la kona, wa 3 uko katikati umefunikwa nusu na wa 7, wa 4 uko mwisho wa meza. Mtu wa mtaani anaona zawadi, anaupiga wa 2 kwa nguvu, unaingia, wenzake wanashangilia, na mpira mweupe unakwenda kulala nyuma ya wa 7. Gorst anatumia muda mrefu kuutazama wa 3 kuliko wa 2. Anapaka chaki, anainama, ncha ya fimbo inashuka chini ya kitovu cha mpira mweupe. Wa 2 unaingia karibu bila sauti. Mweupe unarudi nyuma, unagusa ukingo mara moja, na unasimama mahali ambapo wa 3 umeonekana wote na njia ya kwenda kwa wa 4 imeshafunguka. Hakupiga kwa ajili ya mpira wa 2. Kila pigo lilikuwa linaandaa pigo la tatu mbele yake. Ufundi huu anao Mfilipino, anao Mtaiwani, anao Mwalbania. Unajengwa kwenye meza za pool, kwa saa zisizohesabika, na haujui pasi ya mtu.

Na katika historia ya mchezo huu yupo mtangulizi anayefaa kuliko Cherono. Bingwa wa dunia mwenye umri mdogo kuliko wote ni Wu Chia-ching wa Taiwan, aliyelitwaa taji kule Kaohsiung mwaka 2005 akiwa na miaka 16. Miaka michache baadaye alivuka kwenda China Bara na kuanza kuichezea China. Nyumbani alilaumiwa sana, maana kwa watu wa Taiwan kuvuka mlango ule wa bahari si jambo la michezo peke yake. Leo orodha ya mabingwa inalitaja jina lake upande wa Taiwan, na hakuna anayepata shida kuisoma: mwaka 2005 alikuwa wa Taiwan, baadaye akawa wa China. Na Gorst asomwe hivyohivyo. Doha ibaki kwa Urusi, Jeddah ibaki kwa Marekani, na kocha wa Moscow aliyemfundisha kuinama mezani ajivunie zote mbili.

Ninachokiona kuwa na uzito kwa siku zijazo ni utaratibu. Riadha iliumia, ikaandika sheria inayoeleweka: ni nani anaweza kubadili, asubiri muda gani, athibitishe nini. Mchezo wa pool nao unahitaji sheria ya namna hiyo, iliyokubaliwa na WPA na Matchroom kwa pamoja, ili mchezaji anayehama ahame kwa kanuni badala ya kwa makubaliano ya pembeni, na anayebaki na bendera iliyozuiwa ajue mapema ni mashindano gani yatampokea bila bendera. Sheria ya hivyo ingemlinda hata Gorst mwenyewe dhidi ya maneno, kwa sababu kila mtu angeona alipita mlango gani na kwa masharti gani.

Zaidi ya yote ingewasaidia wasio na jina. Gorst alipoona milango inafungwa, taji la dunia la 2019 lilikuwa tayari liko kabatini kwake. Mwandaaji alimjua, mdhamini alimjua, na afisa wa viza angeweza kuliandika jina lake kwenye kompyuta na kuliona. Fikiria mtoto wa Moscow au Minsk aliyekuwa na miaka 12 mwaka 2022. Amekua akifanya mazoezi kwa ajili ya mashindano ya vijana ambayo hajui kama ataruhusiwa kuyaingia, dhidi ya Wapolandi, Wajerumani na Wafilipino wa rika lake ambao hajawahi kusimama nao meza moja. Huyo hana taji la kumpeleka Louisville wala Las Vegas kule Marekani. Ana fimbo, ana kocha, na ana fomu yenye kisanduku cha utaifa ambacho bado hakuna aliyemwambia akijaze vipi.